Baraza ya Karatasi

Naona haya kuieleza hii, lakini mji mzima umeshaijua, basi bora muisikie kwangu mimi niliyeanguka.

Tangu mke wangu Zena afariki (Mungu amrehemu), nilikuwa sitoki mtaani kwetu Wiyoni ila kwenda msikitini. Siku moja Rukia, binti wa jirani anayepiga picha za majumba ya kale, akanijia.

"Mzee Shee, kesho ni maonyesho yangu mjini. Nyumba ya kina Bi Zena niliipiga picha kabla haijaanguka. Njoo uione."

Nikavaa kanzu nzuri, miwani nikaiacha nyumbani, kwa kuwa mkono wake mmoja nimeufunga kwa uzi na sikutaka watu waseme mzee wa watu hana wa kumtunza. Uamuzi mdogo tu huo, jamani.

Maonyesho yalikuwa ndani ya nyumba ya kale, watu tele, na mimi makelele siyawezi tena, nikajisogeza hadi mwisho wa ukumbi, ambako niliona daka la mlangoni, pa kungojea wageni, lenye baraza za mawe huku na huku, na mlango wa nakshi umefungwa, na nyuma yake sauti za wanawake. Nikajua huko ni ndani kwa wenyewe. Nikapiga hodi. Hakuna aliyeitika. Nikapiga tena. Basi nikafanya kama tulivyolelewa: nikaupa mlango mgongo, nisije nikawaona wake za watu, nikaketi barazani ningoje.

Baraza haikuwapo! Ilikuwa picha ya Rukia, kubwa kama ukuta, imetundikwa kwa kamba, nami nikaenda nayo chini, miguu juu, hadi katikati ya wanawake waliokuwa wakimimina maji ya ukwaju.

"Ewe Bwana Shee!" akapiga kelele Bi Mwanaisha (shoga wa marehemu, na ulimi anao). "Ndia ya kuingilia ni mlangoni, si ukutani!"

"Nimepiga hodi," nikasema, kanzu ikichuruzika ukwaju. "Hamkuitika."

Wakacheka hadi wengine wakaweka majagi chini. Rukia akaja mbio, akaikunjua picha, nami nikaisogelea pua kwa pua. Lilikuwa daka la kina Zena, na baraza ile ile niliyoketi siku ya posa, jasho likinitoka, nikingoja kuitwa. Nimekuja kuitazama, nimeikalia!

"Nimekuharibia, mwanangu."

"Nitakuchapishia nyingine, mzee."

Nikaitazama tena. Mkunjo ulikuwa umepita pale pale nilipoketi siku ile.

"La, nipe hii. Hii yaonyesha pana mtu ameketi."

"Zena angekuwapo," akasema Bi Mwanaisha akijifuta machozi, "angecheka hadi akae chini."

"Akae, lakini apapase kwanza," nikajibu, na hapo nikacheka mwenyewe, mara ya kwanza tangu tumzike.

Sasa picha iko ukutani kwangu, na chini yake nimeweka benchi la mbao, la kweli. Miwani siivui ila kulala. Na benchi lenyewe, ingawa nimelipigilia misumari kwa mkono wangu, silikalii kabla ya kulipapasa.