Ombi Lililoishia Mlangoni

"Hakuna ombi lililopotea," nilisema nikiwa nimesimama, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya mkutano, karatasi mkononi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Shati nalikumbuka kwa sababu siku hiyo nilijiona mtu wa maana, na sijawahi tena kujiona hivyo.

Kazi yangu ni kompyuta. Nilikulia Naliendele, baba akipulizia salfa mikorosho ya watu, macho mekundu msimu mzima, na mimi nikaapa sitashika bomba la salfa maishani mwangu. Nikasoma, nikarudi Mtwara, nikaajiriwa na mradi mdogo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Mpango ulikuwa rahisi. Nesi wa zahanati ya kijijini akiona mama amezidiwa, anabonyeza kitufe kwenye simu ya kazi. Ombi linakuja kwenye seva zetu, programu moja inatafuta gari lililo karibu, nyingine inamwarifu dereva, nyingine inaiambia hospitali ijiandae. Dereva hakuruhusiwa kuondoka bila ombi la mfumo, maana huko nyuma magari yalikuwa yakikutwa yamebeba mkaa na magunia ya makopa ya muhogo.

Mbele ya programu zote hizo ilikaa proksi. Ni seva ya mlangoni: kila kinachotoka nje kinagonga hapo kwanza, nayo ndiyo inayokielekeza pa kwenda. Proksi hiyo ilikuwa mikononi mwangu. Tulianza kulalamikiwa kwamba maombi yanachelewa na hakuna anayejua yanachelewea wapi, ikabidi niwashe ufuatiliaji. Ombi likifika mlangoni, proksi inalipatia namba ndefu isiyofanana na ya ombi jingine. Namba hiyo inasafiri na ombi popote linapokwenda, na kila programu inaandika: limenifikia saa hii, limeondoka saa hii. Ukiitafuta namba baadaye, unaiona safari nzima, kutoka mlangoni mpaka kwa dereva.

Wengi huandika maombi machache tu kati ya mengi ili diski isijae. Mimi nilikataa. Niliweka asilimia mia, kila ombi liandikwe, na nikakesha na faili la mipangilio siku tatu mpaka programu zote zikakubali kupokezana ile namba bila kuiangusha njiani. "Hapa mgonjwa hapotei," nilimwambia bosi wangu, naye akacheka akanipa mkono. Nilijaribu kutoka ofisini, nikajaribu kutoka nyumbani, nikamwomba dereva ajaribu kituoni kwake. Yote yalionekana. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Wiki chache baadaye ndipo likatokea la kijiji kile. Kiko kusini ya Msimbati, unapokaribia mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Mama mmoja, mimba yake ya tatu, alianza kutokwa damu saa mbili asubuhi. Mpaka saa nne gari halijaonekana. Mume wake akampakata nyuma ya pikipiki ya jirani, wakaingia barabara ya mchanga. Alikata roho kabla hawajafika kwenye lami, yeye na mtoto tumboni.

Nesi wa zahanati, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alisema alituma ombi, tena na tena. Dereva akatoa simu yake mwenyewe. Kweli asubuhi ile nesi alikuwa amemwandikia, "Njoo, mama anavuja damu," na yeye akajibu, "Sista tuma kwenye mfumo, bila hivyo siruhusiwi kutoka." Basi swali likabaki moja: je, alituma? Wakubwa wakanigeukia mimi.

Ilinichukua dakika kumi. Nilitafuta kwa jina la zahanati, nikatafuta kwa saa, nikatafuta kwa simu ya nesi. Hakuna namba hata moja. Zahanati nyingine zote zilikuwepo, tena kwa mpangilio mzuri, nikaona fahari. Nikachapa karatasi.

Mkutano ulifanyika kijijini, uwanjani mbele ya zahanati, watu wamekaa kwenye mikeka na wengine kwenye mizizi ya mikorosho. Niliwaeleza habari ya mlango na namba. Nesi akainuka, akanyanyua ile simu ya kazi juu.

"Hizi hapa alama nyekundu," alisema. "Kila nikibonyeza, nyekundu. Nikabonyeza mpaka kidole kikaniuma."

"Alama nyekundu ni mtandao kukosekana," nikamjibu. "Kwetu hakikufika kitu."

"Mtandao ulikuwepo. Dereva nilimwandikia kwa mtandao gani?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na mtu anayeijua kazi yake angelishika hapo hapo. Mimi nililiona kama ubishi. Nikamwambia, "Basi hukutuma kama ulivyofundishwa. Angetuma mtu yeyote ningemwona." Watu wakaguna. Mume wa marehemu, mkulima wa mihogo ambaye nusu ya ukoo wake uko ng'ambo ya Ruvuma, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba sista asikanyage tena kwake, hata kwenye arobaini asije. Nesi akaketi na kujifunika kanga usoni. Haukupita mwezi akaachishwa kazi.

Miezi saba baadaye nilipelekwa kijiji kile kile kumkabidhi nesi mpya simu. Mnara wa simu wa kijiji ulikuwa umelala tangu jana yake. Nikahangaika na simu juu na chini, nikapanda hadi kwenye ukingo wa kisima, wapi. Pale zahanati kulikuwa na mhudumu wa usafi, mama mtu mzima, akinitazama huku ameshika ufagio.

"Mwanangu, hiyo laini yenu hapa ni pambo," alisema. "Weka ya ng'ambo."

"Ng'ambo wapi, mama?"

"Msumbiji, wapi tena? Mnara wetu ukilala sote tunatumia hiyo. Hata asubuhi ile ya msiba mnara ulikuwa umelala, na sista yule mliyemfukuza laini yake hii hapa, kaiacha kwenye droo."

Akaniletea. Nikaichomeka kwenye simu ya kazi. Mtandao ukajaa pale pale. Nikabonyeza kitufe cha ombi, alama nyekundu. Nikabonyeza tena. Nyekundu. Nikaichomoa ile laini nikaigeuzageuza kiganjani, maana nilikuwa nimeshaelewa.

"Mbona hamkusema kwenye mkutano kwamba mnatumia laini ya Msumbiji?" nilimuuliza, tena kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake.

"Nani aliuliza? Kwani nyie huko mjini mtu akipiga simu anatangaza laini gani?"

Miezi kadhaa kabla ya kuwasha ufuatiliaji, seva zetu zilikuwa zinasumbuliwa na takataka kutoka nchi za nje, mitambo ya watu wasiojulikana ikijaribu kila tundu. Ijumaa moja, nikiwa na haraka ya kuwahi msikitini, niliandika kanuni kwenye proksi: anwani yoyote isiyo ya Tanzania ikatwe. Niliiweka mbele kabisa, kabla ya mahali ombi linapopewa namba. Anayekatwa pale hapewi namba, haandikwi, wala haambiwi sababu. Nikaenda kuswali, nikaisahau. Kumbe ufuatiliaji wangu wa asilimia mia ulikuwa unawafuatilia wale tu niliokwisha kuwaruhusu kuingia.

Na mimi nimezaliwa mkoa huu. Nina shangazi ameolewa ng'ambo. Tangu nikiwa mdogo nawajua watu wanaovuka Ruvuma kuuza chumvi na kurudi na vitenge, na bado nilikaa kwenye kiti cha ofisi nikaandika kwamba kinachotoka upande ule ni takataka.

Niliporudi Mtwara nilirekebisha. Mistari miwili tu. Niliruhusu anwani za Msumbiji, na ile kanuni ya kukata nikaipeleka nyuma, ili hata anayekataliwa apewe namba kwanza na aandikwe. Nikampigia nesi mpya ajaribu na ile laini. Ombi likaonekana kabla hajamaliza kuongea.

Halafu nikanyamaza wiki tatu. Hili naliandika kwa aibu. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, kila jioni nikajipa udhuru. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua. Mke wangu akaniuliza kama naumwa, maana chakula nilikuwa nakirudisha jikoni. Siku niliyomweleza aliacha alichokuwa anafanya, akasema, "Na yule dada yuko wapi sasa?" Hata kuuliza sikuwa nimeuliza.

Nilimkuta kwa mama yake, kijiji cha ndani kupita Naliendele. Alikuwa anamenya mihogo ya kuanika makopa, lundo refu kumfika magotini. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua uso. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Kisu hakikusimama.

"Kwa hiyo nilituma," alisema.

"Ulituma."

"Mara ngapi?"

"Siwezi kujua. Hazikuandikwa."

"Mimi najua. Mara kumi na tisa. Huku mkono mmoja nimemkandamiza tumbo." Akatupa muhogo kwenye lundo, akachukua mwingine. "Na sasa umekuja nikusamehe, ukalale."

Nikamwambia nimeshaandika barua ya kuomba arudishwe kazini, bosi ataisoma kesho.

"Barua yako kaa nayo, kaka. Mimi ulinisema kwa barua? Ulisimama pale uwanjani, watu wote wakikutazama. Watoto wale niliowapokea mimi, mama zao wakinikuta sokoni wanageuza uso. Nenda kasimame pale pale. Wawepo wale wale."

Bosi hakutaka. Alisema tatizo limekwisha, tukilifukua tutawavunja watu moyo na mradi utafungwa. Nilikwenda bila ruhusa yake. Nilimwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe watu, nikamwambia sababu, naye akakubali. Nesi alikuja pia. Alikaa nyuma kabisa, peke yake, kando ya ukuta wa zahanati.

Nikasema. Nilijitahidi nisijifiche nyuma ya maneno ya kompyuta. Niliwaambia kuna mlango, na mlango huo niliufunga mimi kwa laini za ng'ambo, na sista aligonga mara kumi na tisa asubuhi ile, na mimi nikaja hapa nikawaambia hakugonga. Nikasema nilidanganya bila kujua, kisha nikajua nikanyamaza wiki tatu, na hizo wiki tatu sina cha kujitetea.

Mume wa marehemu akainuka. Alikuwa amekonda kuliko siku ile.

"Mjomba, nikuulize," alisema. "Siku hiyo gari lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Labda lilikuwa na mgonjwa mwingine. Labda dereva katoka."

Nilitamani kusema ndiyo. Alikuwa ananiomba niseme ndiyo, niliona usoni kwake, akipata walau hicho angeenda nacho nyumbani. Lakini jambo hilo nililijua kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa lote, kwa asilimia mia. Kishikwambi cha kazi cha dereva huuliza mfumo kila baada ya nusu dakika kama kuna mgonjwa, na kila swali lake hupewa namba. Nilikuwa nimeyapitia maswali ya asubuhi ile, moja baada ya jingine, kuanzia saa mbili mpaka saa nne.

"Gari lilikuwa kituoni, mwendo wa dakika arobaini kutoka hapa," nikamwambia. "Halikuwa na mgonjwa. Dereva alikuwa na kishikwambi amekiwasha. Kila nusu dakika kilikuwa kinatuuliza kama kuna mtu wa kufuatwa, na sisi tulikuwa tunakijibu hakuna."

Mume yule akanipa mgongo, akapita katikati ya watu waliokaa, akaenda mpaka ukutani alipokuwa nesi, akachuchumaa mbele yake. Maneno aliyomwambia sikuyasikia. Nilimwona nesi akiweka mkono juu ya kichwa cha yule mume, na wote wawili wakalia, na wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja kuwafuata pale ukutani.

Nikakunja karatasi niliyokuwa nimechapa maswali yale. Mgeni kwetu husindikizwa mpaka barabarani, hata kama ni mdai, hata kama ni askari. Nilitembea mwenyewe mpaka nilipoacha pikipiki, na hakuna aliyenisindikiza.