Bado Wawili

Haya, chekeni mkimaliza mnisikilize, maana aibu hii nimeifukia miaka mingi, hata mke wangu aliisikia kwa watu.

Nilikuwa nasomea udaktari (wa vitabu, msiniletee vidonda vyenu), miaka ile mabasi ya serikali yalipokuwa yanafia gereji Dar na vibasi vya watu binafsi vinachukua barabara. Nilitaka kuandika jinsi kazi ya kondakta ilivyotoka kwenye ile mashine ya tiketi ya kuning'iniza kifuani ikahamia kooni, kwamba sasa anayeita zaidi ndiye anayejaza gari. Waliofanya kazi zote mbili niliwatafuta mpaka nikachoka, nikampata mmoja tu, Mzee Shomari, amestaafu kwao Kibiti, akanijazia upande mmoja wa kaseti, na mwishoni nikamwomba aite abiria kama alivyokuwa akiita stendi. Sura nzima ya kitabu changu ilikuwa ndani ya kaseti ile, na nakala sikuwa nayo.

Miezi miwili baadaye nikarudi kujaza upande wa pili. Nafika, adhuhuri imeshaswaliwa, nakuta mikeka uani na wanaume wanasoma juzuu. Mdogo wake, Mzee Athumani, akanishika mkono.

"Pole, mwanangu. Kaka ametutoka. Leo arobaini yake."

Nikampa pole, nikavua viatu nikae. Akaniambia mfuko wangu niutoe ukawekwe ndani, na hapo ndipo nilipoharibu. Kinasa sauti cha chuo, kaseti ya pekee, nimpe mtu? Nikasema hauna uzito, nikakaa nao mapajani (na mimi Mwislamu, najua kwenye dua mikono ina kazi, sina hata kisingizio).

Ikafika dua. Sote viganja juu, kimya mpaka unasikia nzi, mfuko ukaanza kuniporomoka, nikaubana kwa goti. Ndani kikalia kitufe. Kisha sauti ya Mzee Shomari, nzima, imejaa kifua:

"Bado wawili! Wawili tu tunaondoka!"

Hakuna aliyeshusha mikono. Halafu nyuma ya pazia, alikokaa eda mkewe, Bi Mwanahamisi, ikajibu sauti ndogo: "Labeka, bwana."

Nywele zilinisimama. Watu wakaanza kutazamana, naapa walikuwa wanahesabiana, na shekhe mwenyewe ndiye aliyetangulia kutafuta viatu. Nami napapasa ndani ya mfuko, mzee anazidi: "Ingia, mama, nafasi ipo!"

Nilipofanikiwa kukizima kinasa, Mzee Athumani akauliza polepole, "Kijana, umetuletea nini hapa?"

Nikalia, jamani, mwanaume mzima, nikaeleza yote. Hawakunipiga. Mjane aliomba kaseti tu, kwa kinywa cha wifi yake, nami nikaisukuma chini ya pazia na sura yangu ikaenda nayo (chuoni wenzangu walivaa majoho, mimi nikabaki naanza upya).

Nikiwa naaga, mjane akaniita mwenyewe kutoka ndani.

"Mwanangu, amesema bado wangapi?"

"Wawili, mama. Lakini ni kaseti tu."

"Mmoja mimi," akasema, wala hakuwa na huzuni. "Huyo mwingine muulizane huko uani."

Hakumaliza eda. Niliandikiwa barua ya msiba. Mzee Athumani yu hai, nami ni hai, na hatujaulizana. Tangu hapo mfuko naukabidhi mlangoni kabla sijaambiwa, na stendi nikisikia konda anaita bado wawili, hata mvua inyeshe, mimi natembea kwa miguu.