Upande Wake wa Sinia

Sijui kupika wali wa mtu mmoja. Nimejaribu. Nilinunua kisufuria kidogo, nikapima kikombe kimoja cha mchele, ukatoka bokoboko, nikaumwaga kwa hasira. Basi Ijumaa napika kama nilivyofunzwa na mama yangu: sufuria kubwa, kuku wawili, na sinia lile lile la kula watu wanane. Natandika sufra chini, nakaa upande wangu, nakula upande wangu. Kwengine kote wali unabaki kama nilivyoupakua, na baada ya Alasiri naupeleka kwa mlinzi wa jengo la jirani.

Zamani tulikuwa tukibanana. Mama alipokuwa hai, nyumba yetu ya Qurum ilikuwa na sheria moja: Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, hakuna wa kukosa kwenye sinia. Mgonjwa aliletwa, aliyenuna aliletwa. Sheria hiyo alikuja nayo kutoka Unguja, na Maskati nzima isingemtoa kwayo. Kisha mama akafariki, mume wangu akamfuata, binti yangu akaolewa Salala. Akabaki mwanangu wa kiume, anayefanya kazi mtaa wa Ghala, kwenye duka la vipuri vya magari. Anaishi huko huko, dakika ishirini kwa gari, na Ijumaa haji.

Nilijua kwa nini haji. Ni mpira wa kikapu. Tangu shule alikuwa mgonjwa wa mpira huo, na Ijumaa mchana ndiyo siku wanayocheza wenye kazi zao. Niliuchukia kama mke mwenza.

Ijumaa moja mwaka huu nilikwisha kula, nikawasha televisheni ili nyumba ipate sauti. Palikuwa na filamu ya familia, kuhusu timu ya mpira wa kikapu ya shule ya Kiyahudi, mahali fulani penye theluji. Nikasema ngoja niuone vizuri mpira huu ulioninyang'anya mwana.

Timu yenyewe ilikuwa bure kabisa. Ilifungwa na kila mtu. Kofia zao ndogo wamezibana na vibanio vya nywele, wakikimbia zinaruka. Mmoja akasimama katikati ya mchezo kuokota yake, mpira ukampita puani. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mpaka nikaona haya. Halafu wakaanza kushinda, maana filamu hizo ndivyo zilivyo, wakafika nusu fainali, na nusu fainali ikapangwa Ijumaa jioni. Kwao jua likizama Ijumaa siku yao takatifu imeingia. Hakuna kazi, hakuna gari, hata swichi ya taa haiguswi. Mama wa mchezaji mmoja akatandika kitambaa cheupe, akafunika mikate yake, akamwambia mwanawe: hutoki. Mwanamke yule nilimjua papo hapo, nikakaa sawa kwenye kochi.

Maana na mimi nilisema hutoki. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na saba, nahodha wa timu, na fainali ya shule iliangukia Ijumaa saa nane mchana, saa yetu ya sinia. Aliniomba wiki nzima. Nikamwambia, "Bibi yako kabakisha Ijumaa ngapi? Mpira upo kila siku." Siku ilipofika alikaa nasi, jezi ikionekana chini ya kanzu, na hakutia mkono. Kwenye sahani mtu anaweza kudanganya, kwenye sinia hawezi. Sisi sote tulikula mpaka tukafika chini kwenye bati, wali wa upande wake ukabaki umesimama. Bibi yake akamsogezea paja la kuku, likakaa pale pale. Saa kumi wenzake walipiga simu kusema wamefungwa, kwa pointi mbili.

Mama wa kwenye filamu hakuivunja sheria yake hata kidogo. Alichofanya ni kufunga mkate kwenye kitambaa, akapanda basi Jumatano, akaenda kwa kocha wa timu nyingine, akamwomba ausogeze mchezo. Kocha akakuna kichwa. Akauliza, Jumapili itafaa? Nikangoja pawe na zaidi ya hapo, ugomvi au machozi, hapakuwa na kitu. Kuuliza si ujinga, nimewaambia watoto wa watu darasani miaka nenda miaka rudi, na wangu mwenyewe sikumuulizia. Filamu sikuimaliza, sijui hata kama walishinda.

Nikampigia simu mwanangu.

"Mchezo wenu wa Ijumaa huwa saa ngapi?" nikamuuliza. "Nnataka kuja kutazama."

"Mchezo gani, Ma?"

"Huo mpira wako."

"Nshaacha mie. Mwaka wa pili huu. Goti."

"Sasa Ijumaa unakuwa wapi?"

"Nipo nyumbani tu."

Nyumbani tu. Yeye kwake na chakula cha kununua, mimi kwangu na sinia la watu wanane. Iliniuma, na mimi nikiumwa hugomba. Nilikwisha vuta pumzi nianze. Nikaukumbuka ule mkate kwenye kitambaa.

"Haya," nikasema, "kama Ijumaa nzito kwako, siku gani nyepesi?"

"Jumanne," akasema. "Baada ya Magharibi, inshallah."

Jumanne nikapika. Alikuja, akanibusu kichwa, akasimama ukingoni mwa sufra.

"Kaa, baba," nikamwambia.

"Ntakula nimesimama, Ma."

Ndivyo anavyokula kila Idi, na Idi zote hizi nimekuwa nikimsema mbele ya shangazi zake: unakula wima kama ngamia, adabu umeiacha wapi? Anacheka, anatafuna haraka, anaaga. Safari hii niliutazama mguu. Haukunjiki. Nilikuwa nikimtukana mtu asiyeweza kukaa chini, naye hakunijibu hata mara moja.

Sinia la mama yangu halijapata kupanda mezani. Nikaliinua, nikaliweka mezani, nikavuta viti viwili. Akakaa, akanyoosha mguu pembeni, akaanza kula. Nilimwacha ale kidogo kwanza.

"Fainali ile," nikasema. "Lau ningewapigia simu, wangeisogeza?"

Hakunitazama. Alikuwa akichambua nyama kwenye mfupa. "Ukumbi haukuwa na mchezo mwingine mpaka usiku. Kocha wetu na timu ile nyingine walikuwa radhi, ila kocha alitaka mzazi mmoja apige simu. Mie nkamwambia, mama yangu atapiga."

"Wallahi hukuniambia."

"Nilikwambia, Ma. Wiki nzima. Ukasema mpira upo kila siku." Akavuta wali karibu yake. "Kocha alikaa na simu mkononi mpaka saa nane."

Hakuwa na hasira. Aliendelea kula taratibu mpaka bati likaonekana upande wake wote. Upande wangu ulibaki umesimama.