Mpigaji Asiyekwepa Mpira

Niliombwa kuwa mwamuzi wa besiboli katika uwanja wa shule nje kidogo ya Ukunda kwa sababu nilikuwa mwalimu wa michezo, na wachezaji wengi nilikuwa nimewafundisha mwenyewe. Kazi yenyewe niliipenda, isipokuwa sharti moja. Mpigaji akigongwa na mpira wa mrushaji, hupewa kituo cha kwanza bure. Lakini akijipeleka makusudi, au akiacha kukwepa, hapewi kitu. Anayeamua kama ni makusudi ni mwamuzi. Nikiwa nimeinama nyuma ya mdakaji, yule anayepokea mpira mgongoni mwa mpigaji, nilitakiwa kuujua moyo wa mtu kwa kufumba na kufumbua.

Siku hiyo Ukunda walicheza na Msambweni. Mrushaji wa Ukunda na mpigaji mmoja wa Msambweni walikuwa ndugu, baba mmoja mama mmoja, na kila mtu alijua kwamba hawakuwa wamesemezana tangu walipogawana shamba la marehemu baba yao. Mkubwa, yule mpigaji, akasimama na gongo lake mbele ya mdogo wake.

Mpira wa kwanza ulimgonga begani. Nikampa kituo.

"Sikumlenga, mwalimu," mdogo aliniambia. "Wallahi sikumlenga."

Zamu ya mkubwa iliporudi, mpira ulimpata mbavuni. Hakusogea hata kidogo. Niliinua mkono kukataa: hakukwepa, abaki palepale. Nahodha wa Msambweni akaja mbio.

"Mwalimu, mtu anapigwa na nduguye, nawe unamlaumu yeye?"

"Alikuwa na nafasi ya kukwepa," nilimjibu.

Kutoka upande wa watazamaji mtu alisema, "Leo atamuua." Wachache wakacheka, kisha wakaacha.

Nilimtazama yule mkubwa. Sikuona hasira usoni mwake. Alikuwa akigeuza shingo yote kumtafuta mdogo wake, mfano wa kuku anayeangalia punje kwa jicho moja. Nilifungua mdomo nisimamishe mchezo, lakini mrushaji alikuwa ameshauachia mpira.

Ulikuja juu, moja kwa moja usoni. Sote tuliuona. Mdakaji alipiga kelele, "Kwepa!" Mkubwa akageuka kuifuata ile sauti, na mpira ukaigonga kofia yake ngumu karibu na sikio. Akaketi chini taratibu, gongo bado mkononi.

Nilipiga magoti mbele yake. "Mbona hukukwepa?"

"Kukwepa nini, mwalimu? Kwani alikuwa amesharusha?"

Nikasema mechi imekwisha. Nahodha alianza kubishana kuhusu pointi, lakini sikumsikiliza. Mdogo alikuwa amefika, akamshika nduguye uso kwa mikono miwili.

"Kaka, hukuniona?"

"Nakuona kipande," alisema mkubwa. "Upande huu kuna giza. Limeanza zamani."

Hospitalini waliambiwa ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda karibu lote; la kulia alipewa dawa ya matone, alinde kilichobaki. Daktari aliongeza kwamba ugonjwa huo hutembea katika damu ya ukoo, na kwamba huingia kimya kimya, bila maumivu, hadi mtu anapogundua, amechelewa. Ndugu wote wapimwe.

Sasa ndugu hawa wanasemezana. Mdogo ndiye anayempeleka kaka yake kliniki, ndiye anayemtia matone asubuhi na jioni. Lakini yeye mwenyewe amekataa kupimwa. Nilimfuata hadi kwake kumsihi.

"Mimi naona, mwalimu. Macho yangu mazima."

"Hata kaka yako alidhani hivyo. Nawe ulimgonga mara tatu bila kumlenga."

Akacheka, akanimiminia chai.

Nilimwambia kwamba sitasimamia mechi yoyote anayorusha yeye mpaka apimwe. Hakukasirika. Jumamosi iliyofuata walitafuta mwamuzi mwingine, kijana mgeni kutoka bara asiyewajua. Nilipita kando ya uwanja nikitoka sokoni, nikamwona mdogo akijinyoosha bega, akijiandaa kurusha, na mpigaji wa kwanza akiingia bila kofia ngumu.