Tandiko Lisilo na Muhuri

Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningecheka. Lakini haya yalinipata nikiwa na akili zangu timamu, nimekunywa chai tu, tena saa sita mchana, jua la Doha likiwaka hata nzi hawatoki. Nani alikudanganya kwamba mambo haya ni ya usiku?

Nafanya kazi kwenye mazizi ya farasi huku Muaither, chumba cha matandiko. Nasugua ngozi, napaka mafuta. Kazi ya baba hii, ile niliyoikimbia! Baba alikuwa fundi wa ngozi Nanyuki, akiwashonea Wazungu wenye ranchi matandiko, na mimi nikamwambia sitazeeka nikinuka ngozi. Nikaja huku kuwa askari wa getini. Ona niliko sasa. Miaka sita sikurudi nyumbani. Akipiga simu, "Kijana wangu, tuongee kidogo," mimi namwambia, "Baba, niko kazini, nitakupigia." Halafu nasahau.

Basi mudir, bosi wetu, akaletewa tandiko kuukuu kutoka Ulaya, la aina ya macowboy, lenye pembe mbele ya kiti. Zuri ajabu, lakini halina muhuri wa fundi popote. Wageni wake wakabishana, huyu anasema la Texas, yule la Mexico. Mudir akachoka nao. Akasema Ijumaa ataita fundi kutoka Abu Hamour alitambue.

Ijumaa hiyo wenzangu wakaenda msikitini, nikabaki peke yangu, mimi Mkristo. Nikapiga deki, nikatoka kumwaga maji. Kurudi, mzee ameketi kwenye kigoda changu, amenipa mgongo, tandiko amelipindua magotini. Nikajua ndiye fundi wa Abu Hamour.

"Habari, mzee."

"Nzuri. Umekula?"

Kiswahili cha kwetu kabisa, ingawa sauti ilikuwa imekauka! Kumbe Mkenya mwenzangu. Akalamba kidole gumba, akasugua ngozi. "Lete kisu. Fumua hapa kulia, chini ya manyoya. Polepole, usikate ngozi."

Nikapiga magoti, macho kwenye mshono. Uso wake sikuutazama hata mara moja. Kwetu, nani humkodolea mzee macho? Chini ya manyoya ya kondoo palikuwa na maandishi yaliyochomwa kwa chuma. Jina la baba yangu. Nanyuki. Halafu, "Leo nimepata mtoto wa kiume." Baba ana mtoto mmoja tu wa kiume, na ndiye huyu anayekusimulia.

Mara gari la mudir likaingia. Nikaruka. "Mzee, hili kashona baba yangu! Ngoja nimwite mudir!"

"Kaa kwanza," akasema. "Nimetoka mbali."

"Nakuja sasa hivi," nikamjibu, tayari niko mlangoni.

Mudir alishangaa. Fundi gani? Yule wa Abu Hamour alikuwa amepiga simu, gari limemharibikia, haji. Tukaingia. Kigoda kitupu. Sakafu bado mbichi, na nyayo zilikuwa zangu peke yangu. Kwenye ngozi palikuwa na alama ya kidole gumba, haijakauka.

Simu zetu huwa tunaziacha kabatini. Nilipoichukua yangu, dada yangu alikuwa amepiga na kupiga. Baba alikata roho saa sita hiyo hiyo. Saa za Doha na za nyumbani ni moja. Maneno yake ya mwisho, dada akaniambia, yalikuwa kuniulizia kama nimekula.

Ee baba! Hata hilo sikukujibu.

Mudir, Mungu ambariki, alilitundika tandiko majlisini, sebule yake ya wageni, na mgeni akiuliza, humtajia jina la baba na Nanyuki. Mimi sijapona. Kila Ijumaa mchana nakaa sakafuni kando ya kigoda kile, sahani mkononi, nasema, "Nakula, baba." Chakula hakipiti.

Wewe unayenisikiliza, mzee akikuambia kaa kwanza, keti. Mudir atangoja. Na mtazame usoni, heshima itakusamehe. Ningemtazama mara moja tu, nisingetoka chumba kile.