Nilivyompendekeza Mzee

Ndugu wasomaji, chekeni tu, mimi nimeshajicheka. Nasoma uhandisi wa vyakula chuo kikuu, na likizo hii nilikwenda kujifunza kazi katika kiwanda kimoja cha sukari, upande wa Ruhembe.

Kila asubuhi Fundi Yona, mkuu wa uchemshaji, aliuliza, "Mzee kaamkaje?"

"Anakohoa kidogo," wenzake walimjibu, "lakini kafanya kazi usiku kucha."

Nilistaajabu. Mtu mzima, hapumziki, halalamiki! Nami nimelelewa Kimamba, na kwetu huanzi kazi hujamwamkia mkubwa. Basi kila siku nilitundika koti, nikazunguka kumtafuta nimpe shikamoo yake. Sikumpata.

Juzi wafanyakazi walikutana kumchagua mfanyakazi bora. Nikanyoosha mkono, nikahutubia kama waziri juu ya Ujamaa na jasho la Mzee. "Aje mbele tumpe mkono!" nikamaliza.

Fundi Yona akanitazama kwa huruma.

"Ndugu mwanafunzi, hawezi kuja, kafungwa bolti sakafuni. Mzee ni ule mtambo wa kuchemshia. Ndiye unayemtundikia koti lako kila asubuhi."