Najimudu, Alisema Raili

Raili Hyvönen alikuwa na miaka hamsini na tisa, msafishaji wa shule katika mkoa wa Kainuu, nchi ya baridi, na neno moja lilimtoka kinywani kuliko mengine yote: najimudu. Mume alipomwacha alijimudu. Alipovunjika kifundo cha mguu alijimudu, akipasua kuni huku amekaa kwenye kigoda. Watu wa kule ndivyo walivyo, wakaidi hasa, na mtu akishalitamka neno hilo, ukimkazania msaada umemvunjia heshima.

Kazi moja tu hakuwahi kuigusa, nayo ni breki. Hiyo ilikuwa ya kaka yake, Tauno. Kila vuli Tauno alikuja na jeki yake, akanywa kahawa vikombe vitatu, akamwambia dada yake kwamba anaendesha taratibu kama askofu. Mwaka huu Tauno alikuwa kitandani katika hospitali ya Kajaani, kilomita themanini kutoka hapo, saratani imeshamla ini. Na gari la Raili lilikuwa likisaga chuma kwa chuma kila akikanyaga breki.

Basi Jumamosi moja ya Septemba alinunua pedi mpya za breki, akatandika gunia uani, akaisimamisha simu juu ya ndoo. Ndani ya simu bwana mmoja mwenye mikono safi mno alikuwa akieleza kazi yenyewe.

Gurudumu la kushoto lilimla saa mbili nzima. Nati ziligoma mpaka akaipanda spana kwa miguu yote miwili. Lakini alimaliza, na alijiona mtu. Ndipo bwana wa mikono safi akatoweka na simu ikaanza kulia. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa hospitali.

"Kaka yako anakuulizia," alisema. "Ningekuwa wewe ningekuja leo. Nisingengoja kesho."

"Nakuja," Raili alijibu.

Angefikaje? Basi la Jumamosi halikuwapo, na teksi ya kijiji iliondoka na mwenye nayo alipostaafu. Raili alilivamia gurudumu la kulia. Video hakuifungua tena. Alishaijua, au alidhani anaijua.

Alikuwa anakaza nati ya mwisho ya kibanio cha breki Oiva, jirani yake, alipokuja kuegemea uzio.

"Leo umekuwa fundi, Raili."

"Fundi gani? Najipaka grisi tu."

Oiva aliitazama ile breki. Aliitazama kitambo, akajikuna kidevu. "Nikusaidie kidogo?"

Hapo ndipo ilipobidi aseme. Kaka yangu anakufa, Oiva, nipeleke. Maneno machache tu, hata mtoto angeyasema. Badala yake aliiinamia spana.

"Aa, najimudu."

"Haya," alisema Oiva, akarudi zake ndani.

Gari lilitoka uani likipiga kelele. Raili alijiambia kwamba pedi mpya hulia mwanzoni. Lililia kilomita thelathini nzima. Kwenye mteremko wa njia panda alikanyaga breki, upande wa kushoto ukashika, wa kulia ukateleza, na gari likamvuta moja kwa moja hadi mtaroni, matope mpaka milangoni.

Gari la kuvuta lilichukua saa tatu kufika. Dereva wake alichungulia nyuma ya gurudumu, akaguna.

"Nani kakufungia hizi? Zimegeuzwa, mama. Bati la mgongo wa pedi ndilo linalobana diski."

"Mimi."

Dereva akaenda kufungua kamba yake ya kuvutia. Simu ya Raili ilipolia hakuwa na haja ya kuambiwa. Tauno alikuwa amekufa saa tisa na dakika kumi, na mara mbili alikuwa ameuliza kama dada yake ameshafika.

Jumapili jioni Oiva alibisha hodi, mkononi ana mikate ya mdalasini.

"Nimesikia uliingia mtaroni."

"Niliingia."

"Mimi niliona, Raili. Niliona umezigeuza pedi."

Raili aliishika meza. "Uliona, ukaniacha?"

"Ulisema unajimudu."

Alimchukia, alimchukia kwa moyo wake wote, mikate yake na kidevu chake. Kisha akajua kwamba yeye mwenyewe angefanya vivyo hivyo, angetazama, angenyamaza, angerudi ndani. Hilo lilimuuma zaidi.

"Si ungeniuliza basi, nakwenda wapi!"

"Mambo ya mtu siyaulizi." Oiva aliuinamia mfuko wa mikate. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kajaani. Tauno alikuwa anakufa. Sikumkuta."

Oiva alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Hakuwa amewahi kufanya hivyo katika nyumba ile kwa miaka ishirini.

"Nilikwenda Kajaani jana," alisema. "Kununua mnyororo wa msumeno. Niliondoka dakika kumi baada ya kuzungumza na wewe, ukiwa bado unafunga gurudumu. Nilikuwa peke yangu garini."